Ukiwa Moshi, anza na buabua wa Nyumba ya Mungu

Wenzangu wa Moshi wanaopenda ndege hutamani twende Tanga moja kwa moja kuwatazama buabua, wale ndege wa majini wenye mabawa marefu. Mimi huwavuta kwanza Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu kabla hayajashuka na mto Pangani hadi baharini. Pale buabua ni wa aina chache, kwa hiyo jicho linapata nafasi ya kujifunza.

Fika asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Usikimbilie rangi. Buabua hubadilisha manyoya kwa msimu, na wengi wanaotujia kutoka kaskazini huwa wamepoteza ule utosi mweusi wa kwenye picha. Mwangalie anavyotafuta riziki. Wale wadogo wa maji baridi huruka chini chini, mdomo umeelekea majini, wakidokoa wadudu na visamaki bila kuzama. Wenzao wengi wa baharini hujitupa majini kichwa mbele.

Kati ya hao wadogo, buabua mabawa-meupe ana doa jeusi linaloshuka nyuma ya jicho, na kiuno cheupe kuliko mgongo. Mwenzake wa mashavu meupe, kiuno na mgongo wake ni kijivu kimoja. Aprili ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote: mabawa-meupe anayejiandaa kuondoka mwili wake huwa mweusi tii, mabawa yanang'aa, na hata mtoto hawezi kumkosea. Ukimwona mkubwa zaidi, mdomo mnene mweusi, anaacha maji na kuwinda panzi nchi kavu, huyo ni wa tatu, mwandikie ukurasa wake daftarini.

Macho yakishazoea hivyo, pwani haitakutisha. Huko anza na mdomo. Wa rangi ya chungwa ni buabua-kishungi mdogo. Wa manjano kwenye mwili mkubwa zaidi ni kishungi mkubwa. Mwekundu, mnene, ni wa yule mkubwa kuliko buabua wote duniani.

Usihangaike kuwafuata maji yakiwa yametoka, maana hutawanyika mbali. Subiri bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lijae. Hubanana kwenye fungu la mchanga lililobaki, wote wameelekea upepo unakotoka, wakubwa kwa wadogo bega kwa bega, na darubini ya kawaida inatosha kuwalinganisha mmoja mmoja.