Kuvunja heshi za nywila kwa vivinjari vya ofisini

Swali: Nasimamia mifumo ya kompyuta katika chama cha akiba na mikopo. Kanzidata yetu ya zamani imehifadhi nywila za wanachama kwa MD5 (njia ya zamani ya kugeuza nywila kuwa heshi, yaani msimbo usiorudishwa nyuma), bila chumvi (herufi nasibu zinazoongezwa kwenye kila nywila kabla ya kuigeuza). Uongozi umeniruhusu kupima ni ngapi zilizo dhaifu. Tuna kompyuta 40 zisizo na kazi usiku. Nafikiria kutengeneza ukurasa wa wavuti ambao kila kompyuta itaufungua na kukokotoa sehemu yake, bila kusakinisha chochote. Itawezekana?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu. Kuvunja heshi ni kukisia nywila, kuigeuza kuwa heshi na kulinganisha, na hiyo ni kazi inayogawanyika kirahisi, kwa sababu kisio kimoja hakisubiri jibu la kingine. Mwaka 1997 watu wa kujitolea wa distributed.net walivunja ufunguo wa biti 56 wa RC5, njia ya kusimba data, kwa siku 250 kwa kugawana kazi namna hiyo, ingawa wao walisakinisha programu. Kwako seva itagawa vipande, na kila kivinjari kitaendesha Web Worker (kazi inayokwenda nyuma ya ukurasa) moja kwa kila kiini cha prosesa, huku MD5 ikiwa katika WebAssembly, msimbo wa kasi ambao kivinjari huuendesha. Usitegemee kriptografia iliyomo ndani ya kivinjari. Haina MD5 kabisa. Kila kipande kiwe na muda wa mwisho, maana mtu akifunga ukurasa kazi inapotea na lazima apewe mwingine.

Sasa tupige hesabu. Nywila za herufi ndogo 8 ni takriban bilioni 209. Tuseme kiini kimoja kinakokotoa MD5 milioni 2 kwa sekunde. Kompyuta 40 zenye viini 4 kila moja zitafikisha milioni 320, na zitamaliza zote kwa dakika 11 hivi. Inatia moyo. Lakini ukiongeza herufi kubwa na tarakimu, idadi inapanda hadi trilioni 218, na ofisi nzima itahitaji karibu siku 8 bila kupumzika. Kadi moja ya michoro ya RTX 4090 ikiendesha hashcat, programu ya kuvunja heshi, hukokotoa MD5 zipatazo bilioni 164 kwa sekunde, kwa hiyo itamaliza kazi hiyohiyo kwa dakika 22. WebGPU inaruhusu kivinjari kutumia kadi ya michoro, ila kompyuta za kawaida za ofisi hazina kadi ya nguvu hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si kasi. Ukurasa wako utapeleka heshi za wanachama kwenye mashine 40, na yeyote atakayefungua zana za msanidi kwenye kivinjari ataziona. Kivinjari kitakachopata jibu kitakuwa na nywila halisi ya mtu mwenye akiba yake humo. Kwa data ya fedha, mimi nisingekubali. Ifanye kazi kwenye mashine moja isiyounganishwa na mtandao, uanze na orodha ya nywila zilizozoeleka, majina ya watu, miaka ya kuzaliwa na namba za simu. Nywila nyingi dhaifu zitaanguka hapo, hata bila kadi ya michoro. Ruhusa ya uongozi iwe ya maandishi na itaje kanzidata yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinaadhibu kuingilia mifumo bila idhini.

Tena, ili kuwalinda wanachama huhitaji kuvunja hata nywila moja. Chukua kila heshi ya MD5 iliyopo, uipitishe kwenye Argon2id (njia ya kisasa ya heshi, nzito kukokotoa kwa makusudi) pamoja na chumvi ya pekee kwa kila mwanachama. Kumbukumbu ambayo Argon2id inatumia isipungue MiB 19 na mizunguko isipungue 2. Kazi hiyo unaifanya usiku mmoja, wala hakuna mwanachama atakayeulizwa kitu. Mwanachama akiingia, mfumo unakokotoa MD5 kwanza, kisha Argon2id, halafu unalinganisha. Papo hapo, kwa kuwa nywila yake halisi unayo kwa sekunde hiyo, hifadhi heshi mpya ya Argon2id ya nywila yenyewe, bila kupitia MD5. Ukishahakikisha watu wanaingia bila shida, futa safu ya zamani ya MD5, pamoja na nakala rudufu zote zilizoibeba.