Kabla hujamwacha mrushaji wako wa kasi, angalia nyayo zake

Jumapili usiku kijana mmoja wa Moshi, nahodha wa timu ya kriketi, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina mrushaji ana kasi kuliko wote hapa. Leo anachukua wiketi nne, wiki ijayo anamwaga waidi mpaka mlinda wiketi anachoka kuruka. Wenzangu wanasema nimwache. Wewe ungefanyaje?"

(Kwa mgeni wa kriketi: mikimbio ndiyo pointi, kuchukua wiketi ni kumtoa mpigaji, na waidi ni mpira uliokwenda mbali na mpigaji, unaowapa wapinzani mkimbio wa bure.) Nilishindwa kumjibu usiku ule. Maneno hayo yaliwahi kusemwa juu yangu, hapa Arusha, nikiwa na miaka ishirini na moja.

Tulikuwa tunakwenda Moshi kucheza. Mama alinipigia pasi nguo nyeupe kwa pasi ya mkaa, usiku, nikimshikia taa. Saa kumi na mbili asubuhi nikawa wa kwanza kwenye Coaster. Nahodha akasimama mlangoni akasoma majina kumi na moja, langu halimo. Nikamfuata pembeni. Akaniambia, "Dogo, wewe hutabiriki." Basi. Niliwabebea mabegi ya vifaa mpaka Moshi, nikakaa chini ya mti siku nzima na nguo zangu zilizonyooka. Wapigaji wawili wa wenyeji waliganda pale katikati bila kutolewa, warushaji wetu wenye nidhamu wakarusha mipira safi ambayo haikumtisha mtu, tukafungwa. Nakiri nilifurahi. Furaha ile nimeshaijutia, lakini yule nahodha hadi leo hajaniambia pole, na bado inauma.

Aliyenisaidia ni mzee aliyekuwa akitunza uwanja wetu, mtu ambaye hakuwahi kurusha mpira maishani. Jioni moja akikunja jamvi la kurushia alinikuta narusha peke yangu, vijiti viko huku, mipira inakwenda kule. Akaokota vizibo viwili vya soda. Kimoja akakiweka ninapoanzia mbio, kingine pale mguu wangu wa kushoto ulipotua katika hatua ya nane. "Rudia." Nikarudia, mguu ukatua mbele ya kizibo, karibu urefu wa kiatu kizima. Nikarudia tena, ukatua nyuma yake. Kumbe kila nikikasirika hatua zinarefuka, nafika kwenye mstari nimebanwa, kichwa kinaangukia kushoto na mpira unakwenda miguuni kwa mpigaji. Miaka mitatu nilikuwa nalaumiwa kichwa, tatizo liko kwenye nyayo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuuliza kama anafaa, uliza anakosea wapi. Kosa la hatua linarekebishika. Anayekosea kwa sababu hataki mazoezi, huyo ni habari nyingine, mwache bila huruma.

Halafu jiulize unampimia mchezo gani. Sisi Watanzania hatuchezi Testi, ile kriketi ndefu ya mataifa, nchi zenye hadhi hiyo ni 12 tu, lakini wengi tunaifuata kwenye simu na tunahukumu warushaji wake kwa kipimo cha mchezo mfupi wa ova 20, yaani mipira sita kwa kila ova. Katika ova 20 mrushaji hapewi zaidi ya ova nne, na ova moja mbovu inaweza kukupotezea mechi. Testi ni siku tano, na kwa kawaida huwezi kushinda bila kuangusha wiketi 20. Pale anatakiwa mtu wa kumtoa mpigaji aliyeota mizizi.

Mtazame Mitchell Johnson wa Australia. Brisbane, Novemba 2010, dhidi ya Uingereza, alitoa mikimbio 170 bila wiketi hata moja. Wakamwacha mechi iliyofuata. Akarudishwa Perth mwezi Desemba, akachukua wiketi sita kwa mikimbio 38, na Australia ikashinda. Miaka mitatu baadaye alichukua wiketi 37 katika mechi tano, Uingereza ikapigwa 5-0. Nahodha wake, Michael Clarke, alimtumia kwa vipindi vifupi, huku Ryan Harris, Peter Siddle na Nathan Lyon wakiubana upande wa pili. Hapo ndipo penye siri. Mrushaji wa namna hii anapimwa pamoja na wanaomzunguka. Ukiwa na wawili wa kubana mikimbio, una nafasi ya mmoja wa kulipuka. Ukiwa na walipukaji watatu, utalia.

Sisemi kila mmoja atageuka Johnson. Steve Harmison wa Uingereza aliiangusha West Indies kule Jamaica mwaka 2004 kwa wiketi saba akitoa mikimbio 12 tu, wakatolewa wote kwa mikimbio 47. Mwaka 2006, Brisbane, mpira wake wa kwanza katika mfululizo wa mechi dhidi ya Australia ulikwenda moja kwa moja mikononi mwa mlinzi wa slipu ya pili, anayesimama pembeni ya mlinda wiketi, mbali kabisa na mpigaji. Mtu ni yuleyule. Ila wewe nahodha usimhukumu kwa mpira ule mmoja ukasahau Jamaica.

Na jamani, manahodha, semeni na watu! Usimwache kijana wa watu mlangoni mwa basi na neno moja. Mwite siku mbili kabla, mwonyeshe kosa, mpe tarehe ya kurudi. Mungu amekupa kuongoza wenzako, usiwavunje. Kuachwa nilikuwa nakuweza. Kilichoniumiza ni kuachwa bila kuambiwa nirekebishe nini.

Jumatatu asubuhi nilimjibu kijana wa Moshi hivi: mpange Jumamosi. Mpe ova tatu, upepo ukiwa mgongoni kwake, kisha mpumzishe hata kama amechukua wiketi. Upande wa pili weka yule mrushaji wako mbahili wa mikimbio kuliko wote. Na Alhamisi nendeni uwanjani wawili tu, mkabebe na vizibo viwili vya soda.

Amenijibu kwamba dogo anaanza mbio na mguu wa kulia siku nyingine, na wa kushoto siku nyingine, na hakuna aliyewahi kumwambia.