Kusomeshwa bure hakutoshi

Ndugu yangu, unasema mwanamichezo wa chuo Marekani akisomeshwa bure inatosha. Ingetosha kama na chuo kingekuwa kinacheza kwa kujifurahisha tu. Mashindano ya kikapu ya wanaume ya kila Machi, nyongeza ya mkataba wa televisheni hadi 2032 pekee ni dola bilioni 8.8. Kocha anavuta mamilioni. Kijana akivunjika goti anakumbushwa kwamba yeye ni mwanafunzi.

Isitoshe, wameshaanza kulipwa. Julai 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, iliwaruhusu kuuza majina na sura zao kwenye matangazo, na Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa, ukomo ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Walipwe, ndiyo. Ugomvi sasa ni mgawo: sehemu kubwa inaelekea futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume, mkimbiaji wa nyika anaokota makombo.

Na hapo ndipo panapotugusa. Vijana wa Kenya wamekimbia kwenye vyuo hivyo miaka mingi. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, enzi ambapo kupokea hela ya tangazo kulikuwa kosa. Kosa limefutwa, ila mwenye viza ya mwanafunzi bado amebanwa na masharti ya kazi. Mwenzake Mmarekani anasaini tangazo la viatu, yeye anamshikia begi.