Jaji wa Kwanza Mwanamke Alipitia Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, binti yangu yuko kidato cha nne na anatamani kuwa jaji. Mjomba wake anashikilia kwamba ni lazima aanzie uhakimu. Je, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini alipanda kwa njia hiyo?
– Mama Wawili, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Mama, mjomba ameitaja njia moja akaziacha nyingine. Julie Manning, aliyekuwa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisomea sheria hapa hapa Dar es Salaam, katika chuo kilichofungua milango mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kabla ya ujaji alikuwa mwandishi wa sheria, yaani mtu anayepanga maneno ya sheria zinapotungwa, katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kazi hiyo haionekani na umma, lakini ni nzito: kifungu kikisema “faini au kifungo” mshtakiwa anaweza kulipa akarudi nyumbani, na kikisema “faini na kifungo” atalipa na bado atalala gerezani. Aliyezoea kupima maneno kiasi hicho haendi mahakamani mikono mitupu.

Kwa bahati mbaya, kwa maoni yangu, Mahakama haikukaa naye sana, kwa kuwa mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Waliobaki kwenye kiti cha ujaji ni akina Eusebia Munuo, aliyefika Mahakama ya Rufani na baadaye akakiongoza Chama cha Kimataifa cha Majaji Wanawake.

Kuhusu binti, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Pamoja na shahada ya sheria, mtu anatakiwa awe ametimiza miaka isiyopungua 10 akiwa hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au mwenye sifa za kusajiliwa kuwa wakili wa kujitegemea. Mjomba akiendelea kubisha, mfungulieni Katiba, ibara ya 109, aisome mwenyewe.