Je, mtetemo wa volkeno unaonyesha wingi wa lava?
Ndugu uliyeuliza, ukiwa hapo Nakuru karibu na volkeno ya Menengai, iwapo seismomita (mashine ya kupima mitetemo ya ardhi) inaweza kutuambia lava inatoka kwa wingi gani: inasaidia sana, lakini haipimi lava moja kwa moja. Magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi) inapopanda, gesi iliyomo hujitenga na kufanya mapovu, na msukumo wa mapovu hayo katika njia nyembamba ni chanzo kimojawapo kikubwa cha ule mtetemo mdogo usiokatika ambao mashine huunasa kwa saa nyingi, hata siku. Fikiria sufuria ya githeri jikoni: kifuniko kikianza kugongagonga unajua mvuke umezidi, ila hujui ni supu kiasi gani imemwagika. Ndiyo maana mtetemo mkubwa unaweza kuandamana na lava kidogo yenye gesi nyingi.

Mfano ulio wazi zaidi ni volkeno ya Kilauea, Hawaii, mwaka 2018. Kila mara kreta ya kileleni ilipoporomoka kwa tetemeko la ukubwa wa takriban 5, shinikizo lilisafiri chini ya ardhi hadi kwenye ufa uliokuwa ukitoa lava umbali wa kilomita 40 hivi, na katika saa chache zilizofuata lava ilifurika kwa nguvu zaidi. Uhusiano huo ulionekana vizuri kwa sababu njia ya magma ilikuwa wazi. Kwingineko ni lazima lava ipimwe kwanza kwa setilaiti au droni, kisha ilinganishwe na mitetemo ya volkeno hiyohiyo, kwa kuwa vipimo vya Hawaii haviwezi kuhamishiwa Menengai jinsi vilivyo.