Sufuria ya Chui

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeurudia mara tatu. Unauliza kama kuleta mbwa mwingine, mwezi mmoja tu tangu umzike Chui, ni kumsahau. Na kama umchukue yule mtoto wa mbwa wa jirani, kwa kuwa ana baka jeupe kifuani kama la Chui.

Kumsahau, hapana. Kwenye simu nakusikia unavyonyamaza kila pikipiki inapopita, pale ambapo Chui angebweka. Mtu wa hivyo hasahau. Mbwa chukua, tena bila kumwomba mtu radhi. Ila huyo mdogo wa jirani mwache, na sababu yake sijawahi kukusimulia.

Mwaka 1998, ukiwa na miaka mitano, Popi alikufa kwa kuharisha damu kama Chui. Ukagoma kula. Nilishindwa kuvumilia, baada ya wiki mbili nikakuletea mwingine, rangi ileile ya kahawia, nikampa jina lilelile, nikamlishia sufuria ileile yenye alama za meno ya Popi ukingoni. Ulifurahi mno. Siku ya tisa akakataa uji wa dagaa. Siku ya kumi na moja nikamfunga kwenye khanga, nikamzika alfajiri kabla hujaamka, nikakuambia ametoroka. Mpaka leo unaamini alitoroka. Nisamehe, mwanangu.

Daktari wa mifugo ndiye aliyenifumbua macho baadaye. Ugonjwa huo wa kuharisha damu, parvo, hauondoki na mbwa aliyekufa. Virusi vyake huweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, na sabuni ya kufulia haiviui. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha, ukapaka ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ukaiacha dakika kumi. Udongo wa uani hausafishiki hivyo. Mtoto wa mbwa naye huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla hajazimaliza, ua wako ni hatari kwake.

Kwa hiyo tafuta mbwa mzima mwenye kadi ya chanjo, ya parvo na ya kichaa pia. Ukienda kumwona, baka la kifuani usilitafute. Chuchumaa, mpe ubavu, nyamaza, umwache aje mwenyewe kunusa mkono wako. Rudi tena siku nyingine uone kama atakutambua. Na umpe jina lake. Yule mbwa mdogo wa kahawia hakuwahi kuwa na jina lake hata siku moja, na hilo bado linaniuma.

Sufuria ya Chui usimlishie mgeni. Ioshe kwa klorini, uje nayo Krismasi. Ya Popi ipo bado, kabatini nyuma ya mitungi, nitasogeza nafasi.

Mama yako