Mafua yasiyo na msimu: majibu kwa barua zenu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba influenza inatugharimu sana Wakenya, ila hatuioni. Barua zimekuja nyingi, na karibu nusu yake zinanigombeza. Nimechagua chache.

"Nina miaka 52 na sijawahi kuona mtu aliyekufa kwa mafua. Mbona unatutisha?" (Msomaji, Kakamega)

Mzee wangu, ugomvi wetu huenda ni wa jina tu. Kwetu Kenya mtu akipiga chafya mbili anasema ana homa. Akivuka Namanga kuingia Tanzania, homa ni joto la mwili na hayo makamasi ndiyo mafua. Influenza imejificha katikati ya maneno hayo mawili.

Mafua ya kawaida huja taratibu: koo linawasha, pua inachuruzika, na kazini unakwenda. Influenza hukuangusha. Asubuhi umeamka mzima, saa nane mchana viungo vyote vinauma na unaitisha blanketi la pili jua likiwaka nje. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Anayeumia ni mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au mwenye pumu, kisukari au VVU, na akifa tunasema ameuawa na nimonia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yatokanayo na influenza.

"Mimi nikipata joto tu nameza dawa ya malaria, na napona. Kuna ubaya?" (Mwendesha boda boda, Kisumu)

Unaishi kando ya ziwa, kwa hiyo kuishuku malaria ni sawa kabisa. Kumeza dawa bila kupima ndiko kubaya. Tangu 2010 WHO inashauri mgonjwa apimwe kwanza: tone la damu kidoleni, na kwa takriban dakika 20 unajua. Kama si malaria, dawa mseto haigusi influenza hata kidogo. Utapona siku ya tano kwa sababu ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwisha, nayo sifa itaiendea dawa. Ukianza kuhema kwa shida, kifua kikibana au akili ikichanganyikiwa, usimalize hata hiyo siku nyumbani, nenda hospitali.

"Ulisema ni mzigo wa uchumi. Siku tatu za kulala zinaumiza uchumi gani?" (Fundi seremala, Thika)

Swali hili nililipenda. Jirani yangu anauza mboga kwenye kibanda karibu na stendi. Alipougua, alilala siku nne. Baadaye tuliketi na daftari lake la madeni, tukapiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho. Faida yake ya siku ni kama shilingi 700, kwa hiyo siku nne ni 2,800. Sukuma wiki na nyanya alizokuwa amenunua alfajiri ile zikaoza: 900. Nauli, kumwona daktari na dawa: 1,150. Jumla 4,850. Kisha mwanawe wa miaka miwili akaambukizwa, na dada yake wa darasa la sita akakosa shule siku tatu akimlea. Tulitazamana, hatukujua hizo siku tatu tuziandike kwenye safu gani.

Sasa angalia: katika hizo zote, zahanati inaijua ile 1,150 peke yake, tena si yote, maana nauli imo humo. Ndiyo sababu mzigo huu hauonekani.

Na nyinyi waajiri mnaomwambia mgonjwa "njoo hivyo hivyo", mjue kwamba mtu mzima huambukiza wengine kuanzia siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baadaye. Mnaokoa mshahara wa siku moja, mnapoteza karakana nzima.

"Ni kweli kunyeshewa kunaleta mafua?" (Mwanafunzi, Voi)

Mvua haizai virusi. Inafunga madirisha. Panda matatu Aprili: abiria 14, vioo vimefungwa vina ukungu, mmoja anakohoa kiti cha nyuma. Fungua kioo chako kidogo, watu wakinuna wanune.

"Nina mimba ya miezi mitano. Nichanjwe? Na ni mwezi gani, maana sisi hatuna kipupwe cha kutisha?" (Dada, Mombasa)

Ndiyo, chanjwa. Chanjo ya sindano haina virusi hai na ni salama kwa mjamzito. Tena kinga yako inampitia mtoto, ambaye mwenyewe hawezi kuchanjwa hadi atimize miezi sita.

Kuhusu mwezi, umegusa penyewe. WHO huchagua aina za virusi vya kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Sisi ikweta imetupita katikati. Ufuatiliaji ulioanza nchini 2006 unaonyesha virusi vikizunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Kwa hiyo chukua ile mpya zaidi utakayoipata.

Kupata ndiyo kazi. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wa chanjo wa Kenya ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe, lakini wengi wetu bado tunainunua hospitali za kibinafsi. Kama ningeulizwa, ningeanza na wajawazito, ambao WHO iliwapa kipaumbele 2012. Kliniki wanakuja tayari, hakuna wa kutafutwa nyumbani.

"Imewahi kuua watu wengi huku Afrika?" (Mwalimu, Taita)

Mwaka 1918 iliingilia bandarini Mombasa ikapanda na reli hadi bara. Lakini tazama karibu zaidi: Madagaska, 2002. Katika vijiji vya nyanda za juu waliugua zaidi ya 27,000, wakafa zaidi ya 700. Virusi vilikuwa vya influenza aina ya H3N2, aina ile ile iliyokuwa ikizunguka kwingine. Vilichokuta huko ni utapiamlo na zahanati za mbali.

"Nimpe mwanangu antibiotiki?" (Mama, Mwanza)

Hapana, dada. Antibiotiki huua bakteria, na influenza ni virusi. Mpe maji, maziwa, uji mwepesi, na paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini usimpe kabisa. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali usiku huo huo.